Taa za ndani za Kombi ya marehemu baba: kava, balbu na tyubu nitapata wapi hapa Mombasa?

BintiKreni (Tudor)

Assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Nina Kombi ya kulala ndani, VW T3 ya 1986, kazi ya Westfalia wa Ujerumani. Paa linainuka, kuna jiko la gesi la macho mawili, sinki dogo, na kiti cha nyuma kinageuka kitanda. Usukani uko kulia, gari lilitoka Uingereza. Marehemu baba aliinunua 1997 kwa Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao. Baba alikuwa dereva wa kreni pale Kilindini, ndiyo sababu ya jina langu hapa. Tangu afariki, Kombi imekaa chini ya mwembe wetu miaka sita, kuku wanataga chini yake na watoto wa jirani wanacheza ndani yake mchezo wa nahodha.

Mwaka huu nimeamua. Injini imewaka, breki zimefanywa, matairi mapya. Kilichobaki ni taa za ndani, nami nilidhani hicho ndicho kitu chepesi kuliko vyote. Wallahi nimepata breki za gari hili ndani ya siku tatu, lakini kava ya taa, wiki ya tano hii.

Ziko nne, na kila moja ina ugonjwa wake:

Ya mbele, karibu na kioo: inawaka, lakini kava imepasuka na katikati ina doa la kahawia kama chapati iliyosahauliwa juu ya chuma.

Ya katikati: haiwaki mlango wa mbele ukifunguliwa. Ukiiwasha kwa swichi yake inawaka ikipenda. Ukiipiga kofi, inapenda.

Ya nyuma, juu ya kitanda: kava ipo nzima, balbu hakuna, na vile vibanio viwili vya kushika balbu vimeota ukungu wa kijani.

Ya jikoni: hii ni ya tyubu fupi. Inavuma kama mbu, na ncha zake zinang'aa rangi ya chungwa tu, katikati giza.

Nimezunguka maduka ya spea ya Mwembe Tayari siku mbili, kava nimeitia kwenye bahasha ya kaki kama cheti cha shule. Kila duka swali ni moja: "Ni ya Toyota gani hii?" Duka moja waliniuzia balbu ya ncha mbili, ile yenye umbo la kapsuli ya dawa, wakaniambia ikunje vibanio iingie. Nikakunja. Ikaingia. Nilipofika juu ya daraja la Nyali ikadondoka kwenye sinki.

Halafu fundi mmoja (simtaji, na mkinibembeleza simtaji) akaunganisha waya za taa ya nyuma, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, ikakatika. Mara ya tatu akachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara akaizungushia fyuzi. Hapo ndipo nilipomlipa nauli yake na kumuaga.

Nina haraka kwa sababu nataka kumpeleka mama Malindi, njiani tulale Watamu usiku mmoja na tuyaone magofu ya Gede, ambayo baba alimwahidi tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Mama huamka usiku kusali na kusoma msahafu, na macho yake si ya juzi. Ameniambia wazi kwamba hatalala ndani ya gari lenye giza la kaburi, kwa sababu giza la kaburi atalipata kwa wakati wake.

Nisaidieni: kava, balbu za saizi hii, na hiyo tyubu. Au niambieni kama nimeshachelewa na vitu hivi havipo tena duniani.

MkaaFoleni (Likoni)

Dada uza hiyo kitu, nunua Noah. Taa zake unapata mpaka kwa muuza mahamri.

BintiKreni

Noah haina jiko wala sinki, na hao wauza mahamri nitawapikia mimi. Anayefuata tafadhali.

FundiWaya (Mikindani)

Pole dada. Mimi kazi yangu ni umeme wa matatu na tuktuk, lakini Kombi kama hizi nimezifanya kadhaa zilipokuwa zinabeba watalii.

Kwanza, acha kutaja jina la gari dukani. Ukisema "VW ya 1986" muuzaji anafunga masikio. Chukua rula upime. Balbu za namna hiyo zinatofautiana kwa urefu na wati, basi. Za Kijapani nyingi ni milimita 31, na kwa kuwa magari ya hapa karibu yote ni ya Kijapani, hizo 31 ndizo utakazopewa kila duka. Za Ulaya huwa 36 kwa wati 5, na 41 kwa wati 10. Nabashiri yako ni 41. Ndiyo maana ile ilidondoka, ilikuwa fupi sentimita nzima. Kavibane tena vile vibanio taratibu kwa koleo ndogo, usivirudishe kwa nguvu, chuma cha zamani kinakatika.

Pili, fyuzi. Naweza kukuambia alichofanya huyo fundi hata kama sikuwepo. Kwenye magari ya Mjerumani waya wa kahawia ndio wa bodi, ndio athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Kwenye Toyota athi ni mweupe wenye mstari mweusi. Mtu aliyekulia kwenye Toyota akiona kahawia haoni athi, anaona waya wa kawaida, anautia moto, yaani umeme wa betri. Moto ukikutana na bodi fyuzi inakufa, na ina haki yake kufa. Mwekundu kwenye gari lako ni moto wa betri wa moja kwa moja, upo hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ukiona namba ndogo zimechapwa kwenye tako la taa au swichi: 30 ni moto wa betri, 31 ni athi, 15 ni moto unaokuja ukiwasha ufunguo. Wajerumani wanatumia namba hizo gari zote, ukizijua umejua.

Ile karatasi ya sigara hakikisha imetoka. Waya wa taa ni mwembamba, na fyuzi isipokatika, waya ndio utakaochomeka, tena ndani ya paa ambako huuoni. Na nyie mna gesi humo ndani.

Tatu, taa ya mlangoni. Hiyo taa ina moto muda wote. Kinachokosekana ni athi, na athi inaletwa na swichi ya mlango, ile chuchu inayobonyea mlango ukifungwa. Mlango ukifunguka chuchu inatoka, waya unapata njia ya kwenda kwenye bodi kupitia skrubu iliyoishikilia swichi. Skrubu moja tu! Ikishika kutu, taa imekwisha. Fungua skrubu, toa swichi, chukua ule waya wake uguse kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Taa ikiwaka, taa yako nzima ni nzima. Kwangua pale skrubu inapokaa, paka grisi kidogo, rudisha.

Niletee vipimo tuendelee.

BintiKreni

Fundi, Mungu akupe. Nimepima kwa rula ya mtoto wa darasa la nne: 41 kamili. Na waya wa nyuma uliotiwa moto ni wa kahawia. Nimecheka peke yangu ndani ya gari mpaka kuku wakatoka.

Ile ya mlangoni nimefanya kama ulivyosema. Skrubu ilitoka na unga mwekundu nyuma yake. Nilipougusisha waya kwenye chuma, taa iliwaka ghafla nikashtuka nikagonga kichwa kwenye mlango. Msasa kidogo, grisi kidogo, sasa mlango ukifunguka inawaka bila kofi. Wiki tano natafuta taa mpya, kumbe skrubu.

Balbu za 41 bado. Mwembe Tayari hawana.

NahodhaMstaafu (Mtwapa)

Mwanangu BintiKreni, wewe unatafuta spea za gari, na hilo si gari, ni jahazi lenye magurudumu. Jiko, kitanda, tangi la maji, betri ya volti 12: hiyo ni boti. Njoo huku Mtwapa krikini kwenye boti za wavuvi wa mashindano na za matembezi, au nenda mpaka Kilifi. Taa za ndani za boti ni volti 12 kama zako, na mabaharia hawazitupi. Balbu za ncha mbili za 41 tunazitumia kwenye taa za vyumbani na za ubavuni.

Lakini usinunue zile za wati 10 za waya unaowaka. Chukua za LED, na soma kiboksi: kitafute kilichoandikwa volti 10 hadi 30. Zile za bei ya peremende zimeandikwa 12 tu, nazo betri yako haikai kwenye 12. Ikijaa na imetulia ni 12.6, injini ikiwaka inapanda hadi 14 na ushei. Ya bei rahisi inaungua polepole, kwanza inapepesa, halafu kwaheri.

Na doa lako la kahawia lilitoka kwenye joto. Wati 10 ndani ya kikasha cha plastiki, mtu akisahau kuzima saa mbili, plastiki inapikika. LED ya wati 1 haiwezi kukupikia kitu.

Hesabu ya betri nayo uijue, maana ni mama yako atakayekaa gizani ukikosea. Balbu tatu za wati 10 zinakula ampea mbili na nusu. Zikiwaka saa nane umekula ampea-saa 20. Kama betri yako ya pili, ile ya taa za ndani, ni ya ampea-saa 70, nusu yake ni 35, na chini ya nusu usiishushe, itakufa kabla ya wakati wake. LED tatu za wati 1 usiku kucha hazifiki hata ampea-saa 3.

Kuhusu ukungu wa kijani: hiyo ni shaba iliyoliwa na hewa ya bahari. Kamua ndimu, tia chumvi kidogo, sugua kwa mswaki mzee. Halafu, na hapa ndipo vijana wanapoacha, osha kwa maji yenye magadi kidogo kuua ile tindikali, kisha maji matamu, kausha kabisa, paka vaselini. Ukiacha ndimu humo, baada ya mwezi utakuta imerudi kijani zaidi. Betri uwe umeichomoa kwanza.

Tyubu ya jikoni ipime urefu uniambie. Na usiifungue taa hiyo ikiwa inawaka. Betri ni volti 12 lakini ndani kuna kisanduku kinachoupandisha umeme mpaka mamia ya volti ili tyubu iwake. Iliwahi kunirusha mimi mzima kutoka kwenye ngazi ya boti, na nilikuwa na uzito wa magunia mawili.

BintiKreni

Shikamoo ami. Nimeipima tyubu: sentimita 28 na vimilimita vinane bila vipini, unene kama kidole changu cha shahada, imeandikwa wati 8. Ncha zote mbili zimekuwa nyeusi kama masizi.

NahodhaMstaafu (Mtwapa)

Marahaba. Hiyo ni T5 ya wati 8, milimita 288, unene 16. Ncha zikiwa nyeusi tyubu imezeeka, badilisha. Usiende duka la spea za gari. Nenda wanakouza vifaa vya umeme wa majengo uulizie tyubu ya taa za dharura, zile zinazokaa juu ya milango ya kutokea hotelini. Nyingi za zamani zinatumia hii hii.

BintiKreni

Nimerudi na aibu yangu. Nilikwenda mjini, barabara ya Digo, nikaonyesha ile tyubu ya zamani, kijana akaniletea ya urefu ule ule. Nikalipa shilingi mia tatu, nikashukuru. Jioni nikaiweka, nikawasha. Jikoni pote pakawa zambarau! Sahani nyeupe zinang'aa, meno ya mama yanang'aa, yeye ananitazama ameshika tasbihi. "Umenifungulia disko?" Kwenye karatasi ya kiboksi kumbe kuna picha ya mbu.

Kijana ameikubali kurudishwa, lakini nimejifunza kuuliza.

FundiWaya (Mikindani)

Hahaha! Hiyo ni ya mashine za kuua wadudu. Urefu na wati ni zile zile, kwa hiyo inawaka bila wasiwasi. Afadhali hiyo. Iko nyingine ya kuogopa: kioo chake kinaangaza, hakina ule unga mweupe ndani. Ile ni ya kuua vijidudu kwenye maji na hospitali, mwanga wake unachoma macho na ngozi na huusikii mpaka baadaye. Nayo iko ya wati 8 na urefu huo huo. Kioo kikiwa kitupu kabisa, usiiwashe ndani ya gari. Unataka yenye unga mweupe, iliyoandikwa rangi ya mchana au nyeupe.

ShangaziKombi (Nairobi, mzaliwa wa Majengo)

Hebu niingie, maana wanaume wameshika waya wamesahau kava.

Nina T2 ya 1978 na nimepitia yote hayo, mdogo wangu. Kava ndicho kitu kigumu kweli, kwa sababu balbu ni balbu lakini plastiki ile ilimiminwa kiwandani kwa gari hilo. Njia ziko mbili.

Ya kwanza: Afrika Kusini. T3 Ujerumani waliiacha mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini Afrika Kusini waliendelea kuitengeneza mpaka 2002, na usukani wao uko kulia kama wetu. Kwa hiyo kule magari yenyewe ni machanga kuliko lako, na yanayochinjwa ni mengi. Mwombe muuzaji apige picha kava ikiwa juu ya rula, mbele na nyuma, na alama za vile vikucha vya kubania. Vikucha ndivyo vinavyotofautiana. Mimi niliwahi kununua kava tatu nzuri sana ambazo hazibani popote. Ziko jikoni, mbili natilia viberiti.

Ya pili, niliyofanya mwenyewe: nenda kwa watengeneza mabango. Wana mabaki ya akriliki, plastiki ngumu, nyeupe ya maziwa, unene milimita 3, ile wanayowekea taa nyuma ya herufi za maduka. Mabaki wanakuuzia kwa bei ya soda. Mchoree kwenye karatasi, akukatie kwa mashine, alainishe kingo. Haitakuwa na lile tumbo la kava ya asili, itakuwa bapa, lakini mwanga unatawanyika vizuri na macho hayaumi. Ibandike kwa skrubu ndogo nne au gundi ya silikoni. Kwa sharti la ami: LED tu nyuma yake. Akriliki na balbu ya joto hawakai nyumba moja.

Ile iliyopasuka usiitupe. Ndiyo kipimo chako.

BintiKreni

Shangazi, natoka Majengo sasa hivi! Kuna kijana wa mabango nyuma ya msikiti, nimempa ile kava yenye doa la chapati. Ameigeuzageuza akauliza, "Hii ni ya jokofu?" Ameahidi kesho. Kesho ya fundi mnaijua.

Ila swali jipya. Nimepata tyubu sahihi, ya unga mweupe, nimeiweka. Bado inavuma na kung'aa ncha. Kwa hiyo kisanduku ndicho kibovu? Ami, niitoe yote niweke utepe wa LED wa matatu? Nimeuona Kongowea unauzwa kwa mita.

FundiWaya (Mikindani)

Subiri, usikihukumu kisanduku bado. Una mita ya kupimia umeme? Kama huna, azima. Washa taa, halafu pima volti pale waya mbili zinapoingia kwenye taa, taa ikiwa inawaka. Ikiwa imezimwa kipimo kitakudanganya. Halafu pima kwenye betri. Niambie namba mbili.

BintiKreni

Betri 12.5. Kwenye taa 10.4. Nimepima mara tatu, ya mwisho jirani mwenye duka la simu alikuwa ananiangalia, naye kasema hivyo hivyo.

FundiWaya (Mikindani)

Umeona? Volti mbili zimeliwa njiani. Kile kisanduku hakiwezi kuiwasha tyubu kwa 10.4, kinajikongoja kinavuma. Tyubu inahitaji msukumo wa kuanzia. Tafuta kahawia wa taa hiyo unapofungwa kwenye bodi. Sasa weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye kahawia pale kwenye taa, ikiwa inawaka. Ukisoma zaidi ya nusu volti, athi ndiyo mwizi. Ukisoma karibu na sifuri, mwizi yuko upande wa mwekundu: fyuzi, swichi au kiungo.

BintiKreni

1.8. Mwizi ni athi.

Nimeufuata waya wa kahawia nyuma ya kabati. Ilinibidi nitoe droo ya vijiko, nilale chali kichwa kikiwa chini ya sinki, tochi mdomoni. Umefungwa kwenye boliti moja pamoja na nyingine mbili. Boliti ilikuwa imefunikwa na utepe mweusi wa umeme uliogeuka gamu, na juu ya utepe kuna kipande cha plasta ya dawa kimeandikwa kwa kalamu ya wino: "Athi ya jiko. Safisha kila mwaka. 8/2004." Hati ya baba, ile ya herufi zilizolala kulia. Sikuwahi kujua kama alikuwa akiingia huko chini. Alikuwa mtu mnene.

Nimesafisha kwa ndimu, magadi, maji matamu, nikakausha kwa feni ya kukaushia nywele, vaselini, nikakaza. Tyubu ikawaka kwa mpigo mmoja, kimya, hata mbu hakuna. 12.3 kwenye taa.

Plasta nimeirudisha palepale. Nimeongeza mwaka huu chini yake.

NahodhaMstaafu (Mtwapa)

Umefanya vyema mwanangu. Usiweke ule utepe wa matatu ikiwa tyubu inafanya kazi. Siku ikikataa kabisa, ndipo: toa kisanduku chote, usiuunganishe utepe kupitia humo, upe volti 12 moja kwa moja pamoja na kidhibiti kidogo cha volti. Utepe wa volti 12 unakatwa kila baada ya vitaa vitatu, pale penye mstari na alama ya mkasi. Ukikata kwingine, kipande chote hicho kimekufa. Wa vitaa 60 kwa mita, ule wa vitaa vidogo, unakula wati 4.8 kwa mita. Mistari miwili ya sentimita 25 ndani ya taa yako ni wati mbili na kidogo.

Balbu zako za 41 nimekuwekea nne. Pitia Jumamosi kabla ya adhuhuri.

MkaaFoleni (Likoni)

Bado nasema Noah. Lakini lete picha.

BintiKreni

Nimechukua balbu kwa ami Mtwapa, na nimekula wali wa nazi na papa kwake, kwa hiyo bei halisi ya balbu sitaisema hapa. Mbili zilikataa kuwaka nilipoziweka, nikadhani nimeuziwa vibovu na jahazi zima. Ami kwenye simu: "Zigeuze." Kumbe LED zina upande, tofauti na zile za waya. Nikazigeuza, zikawaka.

Alinipa za rangi mbili nijaribu. Mimi napenda ya njano, inafanya mbao za kabati zionekane kama siku zile. Mama amefungua msahafu chini ya zote mbili, akasogeza miwani, akasoma aya moja moja, akachagua nyeupe. Nikamwambia inafanana na ya hospitali. Akasema hospitali nako huwa anaona vizuri. Kwa hiyo nyeupe juu ya kitanda, njano mbele na katikati.

Kava ya kijana wa mabango ilikuja siku ya nne ya "kesho". Bapa, nyeupe ya maziwa, shilingi mia mbili na hamsini pamoja na kukata. Tundu moja la skrubu limekaa upande kidogo, na hakuna atakayeliona isipokuwa mimi kila siku ya maisha yangu. Ya asili nimeagiza Afrika Kusini kama alivyosema shangazi, muuzaji amepiga picha ya vikucha kwenye rula na vinalingana na vyangu. Itakuja itakapokuja.

Jana usiku stima ilikatika mtaani kwetu, kuanzia magharibi mpaka karibu na saa sita. Nilitoka uani nikamkuta mama yumo ndani ya Kombi, paa limeinuliwa, taa zote nne zinawaka, watoto watatu wa jirani wanafanya hesabu kwenye meza ya kukunja na yeye anawakatia embe. Nimepima betri asubuhi: 12.4.

Tunaondoka Ijumaa baada ya sala. Kama kuna anayejua mahali pa kuegesha Watamu usiku pasipo na mbwa wengi, aniambie, maana mama sasa haogopi tena giza, anaogopa mbwa.

ShangaziKombi (Nairobi, mzaliwa wa Majengo)

Mbwa wapo kote. Beba fimbo, na fyuzi za akiba za saizi sahihi. Na lile doa la chapati nitumie picha, nimelisikia sana.